SAVONAROLA: MTAWA ALIYEISHIKA IMANI KAMA KIBOKO

Mpenzi msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba mpanda ngazi hushuka. Leo nataka nikusimulie habari za mtu aliyeipanda ngazi ndefu kweli kweli, akafika juu kabisa, akatawala mji mzima bila upanga wala taji, na hatimaye akaporomoka kwa muda wa siku mbili tu. Jina lake ni Girolamo Savonarola. Usijali ikiwa ulimi umekukwama, hata mimi ulinikwama mwanzoni.

Katika somo la Historia, sote tuliopitia kidato cha kwanza tulifundishwa kuhusu kuja kwa Wareno katika pwani yetu. Meli za Vasco da Gama zilifika mbele ya Mombasa siku ya Jumamosi, tarehe 7 Aprili 1498. Sasa sikiliza ajabu hii. Jumamosi hiyo hiyo, mbali kule Italia katika mji wa Florence, maelfu ya watu walikuwa wamejazana katika uwanja mkuu wakingoja kumwona mtawa akipita katikati ya moto bila kuungua. Hawakuja kutazama mazingaombwe, la hasha! Walikuja kutaka ushahidi. Kwa miaka mitatu na ushei walikuwa wameambiwa waache hiki, wachome kile, wafunge, walie na watii, kwa kuwa Mungu mwenyewe alikuwa akisema nao kwa kinywa cha mtu mmoja. Siku hiyo walitaka kuona. Tarehe hizo mbili zilipokutana kichwani mwangu ndipo niliposhika kalamu.

Savonarola alizaliwa tarehe 21 Septemba 1452 katika mji wa Ferrara, Italia ya kaskazini. Babu yake alikuwa daktari mwenye sifa kubwa, na wazazi wakatumaini kwamba kijana naye angeshika njia hiyo hiyo ya udaktari. Si unajua wazazi! Lakini kijana yule alikuwa mnyamavu, mpenda vitabu, tena mwenye uchungu mwingi moyoni kwa jinsi alivyouona ulimwengu. Aliona matajiri wakila wakisaza huku maskini wakifa njaa. Aliona viongozi wa dini wakinunua vyeo kama vile mtu anunuavyo nyanya sokoni. Mwaka 1475, akiwa na umri wa miaka 22, alitoroka nyumbani bila kuaga, akaenda Bologna na kujiunga na shirika la watawa wa Kidominiko.

Mwaka 1482 alitumwa Florence, katika nyumba ya watawa ya San Marco. Wakati huo Florence ulikuwa mji wa mabenki, wafumaji wa nguo za sufu na hariri, wachoraji na wachongaji hodari. Kwa jina ulikuwa jamhuri, lakini kila mtu alijua kwamba mwenye neno la mwisho ni tajiri Lorenzo de' Medici. Mahubiri ya kwanza ya Savonarola yalianguka pu! Inasimuliwa kwamba sauti yake ilikwaruza na lafudhi yake ya Ferrara iliwafanya watu wa mjini wacheke. Wasikilizaji wakapungua mpaka wakabaki wachache. Mwaka 1487 akaondoka.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alipokuwa mbali alijifunza namna ya kusema na watu. Aliacha maneno magumu ya wasomi, akaanza kusema juu ya ghadhabu ya Mungu, upanga utakaoshuka na adhabu iliyo mlangoni. Mwaka 1490 alirudi Florence, na cha kuchekesha ni kwamba Lorenzo mwenyewe ndiye aliyeomba arudishwe. Mwaka uliofuata akawa mkuu wa San Marco. Sasa watu walifurika. Michelangelo, yule mchongaji mashuhuri aliyekuwa kijana siku hizo, alisema uzeeni kwamba bado aliikumbuka sauti ya mtawa yule. Hebu fikiria sauti inayokaa masikioni mwa mtu kwa zaidi ya miaka 50!

Nataka tuwe waadilifu. Mengi aliyoyakemea Savonarola yalikuwa ya kweli. Rushwa ilikuwako, na dhuluma ilikuwako. Mtu maskini aliyemsikia mtawa akiwasema matajiri waziwazi, tena kanisani, alipata faraja. Nasi leo tukimsikia mtu akisema ukweli ambao wengine wanauogopa, huwa tunampa moyo wetu wote, na hatukumbuki kubakisha hata kipande kidogo cha akili yetu. Hapo ndipo hatari ianzapo.

Lorenzo alifariki Aprili 1492, na mwanawe Piero akashika nafasi yake bila kuwa na busara ya baba. Savonarola alikuwa akihubiri juu ya safina ya Nuhu na gharika itakayoifunika Italia. Kumbe gharika kweli ilikuwa njiani! Mwaka 1494 Mfalme Charles VIII wa Ufaransa alivuka milima ya Alps na jeshi kubwa lenye mizinga. Florence ikatetemeka. Piero akampa mfalme ngome za mji bila hata kupigana, na watu walipokasirika akatoroka tarehe 9 Novemba. Savonarola alikuwa mmoja wa wajumbe waliotumwa kusema na mfalme. Wafaransa waliingia mjini tarehe 17 Novemba, na baada ya siku kadhaa wakaondoka bila kuuteketeza mji.

Je, ungekuwa wewe ungesema nini? Mtawa alitabiri upanga, na upanga umekuja. Akaenda kusema na mwenye upanga, na mji ukasalimika. Lisemwalo lipo! Tangu siku hiyo watu wengi wa Florence hawakumwona tena kama mhubiri. Walimwona nabii.

Jambo la kwanza alilolifanya kwa nguvu hizo lilikuwa jema. Aliwahimiza watu waunde serikali yao wenyewe, na Desemba 1494 likaundwa Baraza Kuu, ambalo raia wapatao 3,000 walikuwa na haki ya kuketi ndani yake. Kwa nyakati zile hilo lilikuwa jambo kubwa, ingawa wanawake na vibarua hawakuhesabiwa. Ukajengwa ukumbi mpana wa baraza hilo. Mwaka 1495 ikapitishwa sheria kwamba mtu akihukumiwa kifo kwa makosa ya kisiasa aweze kukata rufani, na Savonarola mwenyewe aliipigia debe rufani hiyo. Mwaka 1496 ikafunguliwa hazina ya kuwakopesha maskini kwa riba ndogo. Nani angekataa mambo hayo?

Ubaya ni kwamba hakutaka mema hayo yasimame kwa miguu yake yenyewe. Aliyafunga kwa kamba ya unabii. Alitangaza kwamba mfalme wa Florence ni Yesu Kristo. Hilo laweza kuonekana tamko takatifu, lakini hebu lichunguze kidogo. Ikiwa mfalme ni Kristo, na anayejua mapenzi ya Kristo ni mtawa mmoja, basi anayempinga mtawa huyo ni nani? Hapingi tena shauri la mwanadamu, anampinga Mungu! Mambo ya kodi, vita na sheria, ambayo watu wangepaswa kuyajadili na kukosoana, sasa yaligeuka kuwa mambo ya dhambi na wokovu. Wafuasi wake waliitwa Piagnoni, yaani wenye kulialia, kwa sababu ya machozi yao wakati wa mahubiri. Wapinzani wakaitwa Arrabbiati, yaani wenye hasira. Mji ukapasuka vipande viwili, na jirani akaanza kumtazama jirani kwa jicho la pembeni.

Sasa nafika mahali paliponigusa kuliko pote, maana panatuhusu sisi wanafunzi. Savonarola na msaidizi wake, Fra Domenico da Pescia, waliwakusanya watoto na vijana wa kiume wa mji. Zamani wavulana wa Florence walikuwa watundu sana wakati wa sherehe zinazotangulia Kwaresima. Walifunga barabara kwa magogo wakidai pesa, na walipigana kwa mawe mpaka wengine wakafa. Sasa walikatwa nywele, wakapewa viongozi, wakafundishwa nyimbo za dini, wakatumwa kuwachangia maskini. Muuza dawa mmoja wa mjini, Luca Landucci, aliyekuwa na desturi ya kuandika matukio ya kila siku, aliandika kwamba maandamano yao ya Februari 1496 yalikuwa na wavulana wapatao 6,000, wa umri wa miaka mitano au sita hadi kumi na sita. Wanawe mwenyewe walikuwamo, naye alijivuna kwa hilo.

Mpaka hapo, sawa. Lakini vijana hao walipewa na kazi nyingine. Walizunguka mitaani wakiwasaka wacheza kamari. Landucci anaeleza kwamba mtu akipiga ukelele tu kuwa wavulana wa mtawa wanakuja, wacheza kamari wote walitimua mbio. Waliwasimamisha wanawake njiani na kuwaaibisha kwa mavazi yao. Walibisha hodi nyumba kwa nyumba wakidai vitu vya anasa. Msomaji, mimi nina umri wa miaka kumi na sita. Ningezaliwa kule wakati ule, ningekuwa katika msururu huo na nywele zangu zimekatwa, nikiimba. Najiuliza: ningetumwa kuchukua kioo cha mama, ningekwenda? Ningemwita dada yangu mwenye dhambi mbele ya watu wa mtaa? Nadhani kazi hiyo hupewa vijana kwa sababu sisi tunapenda sana kuambiwa kwamba tuko safi kuliko wazee wetu. Ni utamu mkubwa huo. Mtu mzima huwa na mashaka kwa kuwa ameishi, lakini kijana ukimpa wimbo na adui, atatembea usiku kucha bila kuchoka.

Tarehe 7 Februari 1497 uwanja mkuu wa Florence ulijengwa mnara wa mbao wenye umbo la piramidi. Juu yake vilipangwa vitu vilivyokusanywa na vijana: vioo, nywele za bandia, manukato, karata, dado, ala za muziki, picha, na vitabu vikiwemo vya mwandishi Boccaccio. Kisha ukatiwa moto huku kengele zikilia na watoto wakiimba. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Februari 1498, walichoma tena. Ukisoma habari hizo leo unajiuliza ni vitu vingapi vilitolewa kwa hiari, na ni vingapi vilitolewa kwa sababu vijana wamesimama mlangoni na jirani anatazama. Mtu akitoa kitu kwa woga, mkono wake hutoa lakini moyo wake huweka deni.

Na deni lilikuwa likikua. Huko Roma, Papa Alexander VI hakufurahishwa na mtawa aliyemkemea hadharani na ambaye mji wake ulishikamana na Mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1495 alimwita Roma, Savonarola akajibu kwamba ni mgonjwa. Alikatazwa kuhubiri, akanyamaza kidogo, kisha akarudi mimbarini. Mei 1497 Papa alimtenga na Kanisa. Ni kweli kwamba Papa huyo mwenyewe hakuwa mfano mwema, maana alikuwa na watoto na alipenda mali. Lakini watu wa Florence walikuwa Wakatoliki, na sasa walijikuta kati ya sauti mbili, kila moja ikidai kusema kwa niaba ya Mungu. Utamtii nani, na kwa kipimo gani, ikiwa umefundishwa kutii tu?

Tena mwaka huo wa 1497 njaa iliwakaba watu na tauni ikaingia mjini. Mtawa alikuwa ameahidi kwamba Florence iliyotubu ingekuwa tajiri na tukufu kuliko wakati wowote. Watu walikuwa wametubu, wamefunga, wamechoma vioo vyao, na bado watoto walikuwa wakifa. Siku ya kuadhimisha Kupaa kwa Bwana, wapinzani wake walikuwa wamepaka mimbari uchafu usiku, na mahubiri yakavunjika kwa fujo.

Mnamo Agosti mwaka huo likatokea jambo ambalo kwangu mimi ndilo lililomvunjia heshima kuliko yote. Raia watano, pamoja na mzee Bernardo del Nero aliyewahi kushika cheo cha juu kabisa cha serikali, walishtakiwa kwamba walipanga njama ya kumrudisha Piero de' Medici. Walihukumiwa kifo. Wakaomba rufani mbele ya Baraza Kuu, kama sheria ilivyowaruhusu, ile sheria ambayo Savonarola mwenyewe aliipigania. Wafuasi wake wakuu wakawanyima, na watu wale wakakatwa vichwa usiku huo huo. Mtu ambaye neno lake moja lingetosha kuusimamisha mji mzima alinyamaza kimya. Ndipo wengi wakaona kwamba huruma iliyohubiriwa ilikuwa ya upande mmoja.

Februari 1498 alirudi kuhubiri ingawa alikuwa ametengwa. Papa akatishia kuufungia mji mzima huduma za Kanisa. Wafanyabiashara wakaingiwa na hofu, maana mali zao zilizokuwa Roma na kwingineko zingeweza kunyang'anywa. Machi serikali ikamwomba anyamaze, naye akahubiri kwa mara ya mwisho.

Hapo akatokea mtawa wa Kifransisko, Francesco wa Puglia, akatoa changamoto: kama kweli Savonarola ametumwa na Mungu, na tupite motoni tuone. Fra Domenico, kwa moyo wake wa bidii, akakubali kupita kwa niaba ya mkuu wake. Savonarola hakuipenda sana habari hiyo, lakini angeikataaje? Yeye mwenyewe alikuwa amewazoesha watu kungoja ishara. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ukiwaambia watu wakutii kwa sababu hoja zako ni nzuri, watakudai hoja. Ukiwaambia wakutii kwa sababu mbingu zinasema nawe, siku moja watakudai muujiza.

Basi ikafika ile Jumamosi ya tarehe 7 Aprili. Njia ndefu ya kuni zilizomwagiwa mafuta ilitandazwa uwanjani, na katikati yake ukaachwa mwanya mwembamba wa kupita. Pande zote mbili zilifika. Kisha mabishano yakaanza. Wafransisko wakadai mavazi ya Domenico huenda yametiwa uganga, wakataka abadilishe. Akabadilisha. Wakakataa asiingie na msalaba. Kisha Savonarola akataka Domenico aingie ameshika Ekaristi, na wenzao wakasema hiyo ni kufuru, ikiungua je? Saa zikapita. Watu wana njaa, wana kiu, wamesimama tangu asubuhi. Mvua ya ghafla ikanyesha ikawalowesha wote, na jioni serikali ikaamuru kila mtu aende nyumbani. Hakuna aliyepita motoni, si wa upande huu wala wa upande ule.

Ukitazama kwa haki, aliyeleta changamoto ndiye aliyefaa kulaumiwa kwanza. Lakini umati haukufikiri hivyo. Umati ulikuwa umeahidiwa mbingu ukaonyeshwa ubishi juu ya nguo. Kesho yake, Jumapili ya Matawi, kundi la watu wenye mawe, silaha na moto likaizingira San Marco. Kulikuwa na mapigano na watu wakafa pande zote. Usiku, Savonarola na Domenico wakatolewa nje wamefungwa mikono, wakipita kati ya matusi ya watu wale wale ambao juzi tu walikuwa wakigombania nafasi ya kuwasikiliza. Baadaye mtawa wa tatu, Fra Silvestro, naye akakamatwa.

Waliteswa. Mikono ilifungwa nyuma, mtu akavutwa juu kwa kamba kisha akaachiliwa kwa kishindo. Savonarola alikiri kwamba hakuwa nabii na kwamba alitafuta utukufu wake mwenyewe. Baadaye akayakana maneno hayo, akateswa tena, akakiri tena. Zaidi ya hayo, karani aliyeandika maneno yake anashutumiwa na wanahistoria kwamba aliyapotosha. Maneno ya mtu aliyetundikwa kwa kamba si ushahidi wa kitu chochote ila wa maumivu, na waliomhukumu hawakuwa bora kumshinda yeye. Tarehe 19 Aprili maungamo hayo yalisomwa mbele ya watu katika ukumbi wa Baraza Kuu, ukumbi ule ule uliojengwa kwa sababu ya mahubiri yake. Landucci, yule muuza dawa, alikuwamo. Anaeleza kwamba alishikwa na bumbuwazi na uchungu, maana alikuwa akitazamia Florence igeuke kuwa Yerusalemu mpya, na sasa jengo zima la matumaini yake lilikuwa limeanguka kwa sababu ya uongo mmoja.

Nimelifikiria sana jambo hilo la Landucci. Alikuwa mtu mwema, mwenye duka, baba wa watoto. Hakupoteza fedha. Alipoteza ile sababu ya kuamka asubuhi. Mwizi wa kuku hurudisha kuku au thamani yake, lakini anayeitumia imani ya mtu vibaya atarudisha nini?

Tarehe 23 Mei 1498 watawa wote watatu walivuliwa majoho yao katika uwanja mkuu, wakanyongwa, kisha wakachomwa, mahali pale pale palipowashwa moto wa vioo na vitabu. Savonarola alikuwa na umri wa miaka 45. Baadhi ya walioandika maisha yake husimulia kwamba wavulana waliirushia mawe miili yao. Sijui kama walikuwa wale wale walioimba. Lakini nasema hivi: kijana aliyefundishwa kuwarushia wengine aibu kwa amri, hahitaji mafunzo mapya ili arushe mawe kwa amri nyingine. Majivu yao yakatupwa katika mto Arno ili mtu asipate hata mfupa wa kuuhifadhi.

Miaka kadhaa baadaye Niccolò Machiavelli, mwenyeji wa Florence aliyekuwa kijana wakati huo, aliandika kwamba kosa la Savonarola lilikuwa kutokuwa na silaha: watu walipoacha kumwamini hakuwa na kitu cha kuwalazimisha waendelee. Wakubwa wengi wameisifu hoja hiyo. Mimi, kwa akili yangu ya kidato cha tatu, naomba kuikataa. Angekuwa na silaha, tungekuwa na makaburi mengi zaidi na uongo ule ule. Angalia ni kitu gani kilichodumu baada yake. Unabii uliisha pamoja naye. Maandamano ya watoto yaliisha. Kamari, manukato na vioo vilirudi. Lakini Baraza Kuu liliendelea mpaka mwaka 1512, miaka 14 mizima, na halikuvunjwa kwa kuchokwa na watu bali na jeshi la kigeni lililowarudisha akina Medici. Lilidumu kwa sababu watu waliketi humo wakasemezana, wakapiga kura, wakakosoana. Kile alichowapa ili wakitumie kilibaki. Kile alichowawekea shingoni kilikatika.

Huenda msomaji mmoja akasema, hayo ni ya Wazungu wa zamani, yatuhusu nini? Sisi Wakenya hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, si mbali na Malindi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi yao ikiwa ya watu walioripotiwa kufa kwa kufunga kula ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwa miongoni mwao. Mambo hayo mawili si sawa, na Savonarola hakuwaambia watu wafe njaa. Lakini mlango walioingilia ni mmoja: mtu mmoja kudai kwamba kumuuliza yeye ni kumpinga Mungu.

Mimi mwenyewe ni muumini na kila wiki huenda kanisani, kwa hiyo mtu asije akadhani kwamba naidharau dini. La! Naandika kwa sababu naipenda. Imani ni kama kisu cha jikoni. Kwa mama hukata sukumawiki tukala, na mkononi mwa mwingine humwaga damu, na kosa si la kisu. Sisi vijana hasa tuwe macho. Mtu akitupa wimbo, tuuimbe ikiwa ni mzuri. Akitupa kazi ya kuwasaidia maskini, twende mbio. Lakini akitutuma kuwaaibisha mama zetu na kuwapeleleza jirani zetu kwa jina la Mungu, tumuulize swali. Ikiwa ametoka kwa Mungu kweli, swali halitamuumiza. Akikasirika kwa kuulizwa tu, tayari ametujibu.

Mpaka leo, ukifika katika uwanja mkuu wa Florence, utaona bamba la duara lililowekwa chini mahali aliponyongewa mtawa yule. Watu hupita juu yake wakienda zao, wengine husimama wakasoma jina. Ukiona cha mwenzako chanyolewa, chako tia maji. Walimu wangu na wanafunzi wenzangu, kalamu yangu naiweka chini hapa. Wasalaam.